Homa ya Mgonjwa wa Leukemia Haipangi Foleni

Mwenyekiti, asante. Naona wengine kule nyuma wameshaanza kutabasamu, kwa sababu wanajua nitakachosema: mgonjwa wa leukemia akipata homa, achomwe antibayotiki ndani ya saa moja. Tabasamuni tu. Nitaacha kukisema siku nitakapoacha kupokea wagonjwa waliopewa Panadol usiku kucha.

Leukemia, yaani saratani ya damu, sitaieleza kwa kirefu, wote mmeisoma. Naanzia pale tiba inapoanza, yaani awamu ya kwanza. Ndugu wa mgonjwa wakisikia amefariki katika mwezi wa kwanza wa dawa, husema saratani imemmaliza, au kemo, yaani dawa zenyewe za saratani, imemmaliza. Tukifuatilia, mara nyingi kilichomuua ni bakteria wa kawaida kabisa, ambaye wewe na mimi tunatembea naye tumboni hivi sasa na tumekunywa chai vizuri.

Inakuwaje? Mgonjwa wa AML, aina moja ya leukemia kali, anapewa sitarabini siku saba na daunorubisini siku tatu. Lengo ni kuusafisha uboho, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa, na uboho ukisafishwa seli mbaya huondoka pamoja na nzuri. Kufikia wiki ya pili neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zimekwisha, na zinaweza kukaa chini hadi wiki ya tatu au ya nne. Wakati huohuo dawa zimechubua utando wa mdomo na wa utumbo. Bakteria kama Klebsiella na E. coli waliokuwa wametulia utumboni wanaingia kwenye damu, na huko hakuna askari hata mmoja. Gerald Bodey na wenzake walilionyesha hili Marekani mwaka 1966: neutrofili zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita maambukizi yanaongezeka, chini ya 500 hatari inapanda sana, na kadiri zinavyokaa chini muda mrefu ndivyo hali inavyokuwa mbaya zaidi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo tunapokosea. Usaha ni nini? Ni mizoga ya neutrofili. Mtu asiye na neutrofili atatoa wapi usaha? Atakuwa na jipu lisiloiva. Atakuwa na nimonia na eksirei yake itaonekana safi. Mkojo utapimwa, mtaambiwa hauna seli za usaha, na kumbe una bakteria. Pale kanula ilipoingia patakuwa pekundu kidogo tu, nawe utasema hapana kitu. Mwili umenyang'anywa kila namna ya kulalamika isipokuwa moja, nayo ni homa. Na hiyo moja iliyobaki ndiyo tunayoizima kwa Panadol!

Kulikuwa na kijana mmoja, dereva wa bodaboda, ana ALL, aina nyingine ya leukemia kali, yuko kwenye awamu ya kwanza. Dawa za mshipa anakuja kuchoma na kurudi kwa dada yake, na prednisoloni anameza kila siku. Jioni moja, baada ya magharibi, akahisi baridi. Shemeji yake, mtu mwema sana, akamfunika blanketi na kumpa Panadol mbili. Jasho likatoka, homa ikashuka, nyumba nzima ikamshukuru Mungu. Saa sita usiku ikarudi, akapewa mbili nyingine. Alfajiri wakampandisha bajaji hadi hospitali iliyokuwa karibu. Siitaji, na msianze kukisia. Mapokezi wakampima: 37.2. "Huna homa, kaa pale." Akakaa kwenye benchi, kushoto kwake mama wa kliniki, kulia kwake mtu aliyejikata na panga. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoka hakina kitu. Wakaandika FBP, kile kipimo cha chembe za damu, na mashine ilikuwa na foleni. Shemeji alikuwa na mfuko wa rambo, ndani yake lile daftari la kliniki lenye tarehe za kemo zote, limepigwa muhuri kila ukurasa. Hakuna aliyelifungua. Hakuna aliyeuliza, "Unatumia dawa gani?"

Alifika kwetu saa saba mchana. Mikono ya baridi, presha 70 kwa 40, anajibu ukimwita mara mbili. Tukamchoma antibayotiki, tukamwagia maji ya dripu, tukafanya yote yaliyoandikwa. Alifariki usiku uleule. Damu tuliyootesha maabara ilitoa Klebsiella, na dawa iliyokuwa na uwezo wa kumuua Klebsiella yule ilikuwepo kule kwenye kabati la ile hospitali ya kwanza, hatua chache kutoka kwenye lile benchi.

Shemeji wala asilaumiwe. Sisi hatukuwa tumemwambia. Tulimwambia ale vizuri na asikose tarehe!

Najua mtakayouliza, kwa hiyo nijibu kabla hamjanyoosha mikono. Mtu wa maabara pale atasema: dokta, tusubiri kwanza majibu, tutibu tunachokijua. Ndugu yangu, kabla ya miaka ya sabini walisubiri. Mgonjwa mwenye bakteria aitwaye Pseudomonas kwenye damu alikuwa anafariki kabla chupa haijaota kitu. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake wakatoa matokeo ya kuanza karbenisilini na gentamisini papo hapo homa inapotokea, bila kungoja, na tangu hapo dunia nzima inafanya hivyo. Otesha, ndiyo. Chukua damu chupa mbili, sehemu mbili tofauti, kisha choma dawa. Kama chupa hazipo, choma dawa. Saa moja tangu mgonjwa avuke mlango, siyo tangu faili lionekane.

Mwingine atasema: huo ndio usugu wa dawa mnaoupigia kelele. Usugu hauletwi na mgonjwa mmoja wa leukemia aliyechomwa piperasilini-tazobaktamu kwa sababu ya maana. Unaletwa na seftriaksoni tunayomchoma kila mwenye mafua. Na hiyo seftriaksoni, kwa taarifa yenu, haimuui Pseudomonas. Lakini kama ndiyo pekee uliyonayo, pamoja na gentamisini, mpe hiyo hiyo kisha piga simu mumhamishe. Msikae kikao cha kutafuta dawa nzuri huku mtu anazimika.

Na malaria? Pima. Ikiwepo, itibu. Ila malaria kuonekana hakumfukuzi bakteria. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na kwetu huku wapo.

Kwa hiyo kiwango ni hiki: 38.3 mara moja, au 38.0 inayodumu saa nzima. Mgonjwa akisema alikuwa na homa nyumbani, mwamini, hata kama kipimajoto chako kinabisha. Walio kwenye steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni wanaweza wasipande joto kabisa. Hao wakisema tu "sijisikii vizuri", au tumbo linauma, au wanapumua haraka, wahesabuni wana homa. Msipime joto kwa njia ya haja kubwa, msiweke enema, na sindano za msulini acheni, sahani za damu, zile zinazozuia kutoka damu, nazo ziko chini. Tumechapisha kadi ndogo, imeandikwa: "Niko kwenye kemo. Nikipata homa nahitaji antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja." Mgonjwa anaivaa shingoni kama kitambulisho cha kazini. Aitoe pale dirishani kabla ya kadi ya bima.

Nichepuke kidogo. Waafrika wengi tuna neutrofili chache kiasili, jambo linalokwenda pamoja na kukosa ile alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Mtu ana 1,400, mzima kabisa, analima. Nimeona kemo zikiahirishwa wiki baada ya wiki kwa sababu kiwango kilichopangwa kwa watu wa Ulaya hakijafikiwa. Namba isomwe pamoja na historia ya mtu mwenyewe kabla ya kuanza dawa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka haraka. Kabla ya steroidi, mpe ivermektini au albendazoli. Minyoo ya strongiloidi ikifunguliwa mlango na steroidi husambaa mwili mzima na kubeba bakteria wa utumbo. Kabla ya rituksimabu, dawa ya baadhi ya saratani za damu, pima hepatitisi B, na siyo ile antijeni ya uso wa kirusi peke yake. Kotrimoksazoli ya kinga kwa wagonjwa wa ALL, msiisahau. Mieloma, saratani nyingine ya uboho: Uingereza walitoa utafiti mwaka 2019, wagonjwa 977, antibayotiki ya levofloksasini wiki 12 za mwanzo, na homa na vifo vikapungua. Vizuri, lakini kwetu levofloksasini ni dawa ya kifua kikuu sugu. Ukimpa mtu mwenye TB iliyojificha, unamfundisha mdudu usugu. Chunguza TB kwanza.

Chakula, kwa sababu akina mama mtaniuliza mlangoni: hakuna ushahidi wa kumnyima mgonjwa embe. Lioshe, limenye, ale. Maji yachemshwe. Anayemwandalia anawe mikono kwa sabuni, na hilo linafaa kuliko kumfungia mtu chumbani na uji mweupe mwezi mzima.

Fangasi nimeziacha, zinataka siku yake. Kadi ziko mezani pale mlangoni, chukueni za wodi nzima. Nyuma pana nafasi ya namba ya simu: andikeni namba ya wodi, siyo yangu. Wodi hailali, mimi nikilala, nalala.