Mtu Asiyeshangaa: Mhadhara kuhusu Mvuto wa Hadithi Fupi za Ubwege

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie hadithi fupi za ubwege, zile ambamo jambo lisiloingia akilini husimuliwa kana kwamba ni la kawaida, pamoja na ndugu zake wa damu, yaani hadithi zinazovunja miiko waziwazi. Swali lenyewe ni hili: kwa nini tunazipenda? Hazifundishi adabu, hazimlipi mwema kwa wema wake, na mara nyingi hazina hata mwisho unaoeleweka. Lakini mtu akishaonja moja hutafuta ya pili.

Nitaanika dai langu mapema ili mlipime kadiri tunavyokwenda. Karibu kila hadithi bora ya aina hii ina mtu ambaye angepaswa kushangaa, naye hashangai. Mshangao wote humwangukia msomaji, aubebe peke yake. Utamu wake umo humo, na uchungu wake pia.

Tuanze na Daniil Kharms, mwandishi wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1905 katika mji wa St. Petersburg, ambao alipokuwa mtu mzima ulikuwa ukiitwa Leningrad. Katika miaka ya 1930 aliandika visa vifupi mno, vingi havijazi hata ukurasa. Kimojawapo nitakisimulia kwa maneno yangu. Bibi kizee mmoja, kwa udadisi uliopita kiasi, alichungulia dirishani, akaanguka, akafa. Bibi wa pili akachungulia amwone aliyeanguka, naye udadisi ukamponza, akaanguka. Kisha wa tatu, wa nne, wa tano. Alipoanguka wa sita, msimulizi akachoka kuwatazama, akaenda zake soko la Maltsev, maana alisikia kwamba huko kipofu mmoja amepewa zawadi ya shali ya kufumwa. Kimekwisha.

Naona mmecheka. Hebu kila mtu ajiulize alianzia wapi kucheka. Kwa bibi wa kwanza hakuna aliyecheka, maana huo ni msiba. Kwa wa pili tulishtuka kidogo. Alipofika wa nne tulikuwa tumeshaanza kuhesabu, na mtu akishageuka hesabu, kicheko hakiko mbali. Msimulizi ametuvuta hatua kwa hatua hadi tukasimama pale aliposimama yeye, kisha akatuacha tukitazama maiti sita na kwenda kuulizia habari za shali. Hakulia, wala hakumwita mtu. Hakusema hata “jamani!” Neno hilo inabidi tuliseme sisi.

Sasa wekeni kisa hiki katika zama zake. Ulikuwa utawala wa Stalin. Watu walichukuliwa usiku, na asubuhi jirani alifunga vifungo vya koti akaenda kazini kama kawaida. Kharms mwenyewe alikamatwa mwaka 1931, akapelekwa uhamishoni; akakamatwa tena Agosti 1941, na Februari 1942 akafa kwa njaa katika hospitali ya gereza huku mji ukiwa umezingirwa na jeshi la Ujerumani. Riziki yake ilitokana na kuwaandikia watoto. Maandishi yake kwa watu wazima yalibaki karibu yote bila kuchapishwa, na yalinusurika kwa sababu rafiki yake Yakov Druskin aliyatoa katika jengo lililoharibiwa na bomu na kuyahifadhi kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ubwege ni mchezo wa watu wasio na shida, namwomba asome tena habari za wale mabibi sita. Msimulizi anayechoka kutazama ni picha ya kweli kabisa ya mji uliozoea.

Kharms huyohuyo ana kisa kingine cha tarehe 7 Januari 1937, kuhusu mtu mwenye nywele nyekundu ambaye hakuwa na macho wala masikio. Nywele pia hakuwa nazo, kwa hiyo ule wekundu ulikuwa wa kusema tu. Mdomo hana, pua hana, mikono na miguu hana, tumbo na mgongo hana, hadi haijulikani tena anazungumziwa nani. Msimulizi anaona ni heri tusiendelee kumzungumzia. Sentensi zote ni safi, kila moja inafuata nyingine kwa mantiki, na mwisho wake binadamu amefutika mbele ya macho yetu. Kwangu hakuna kisa kifupi kuliko hicho kinachotisha kiasi hicho.

Kharms hakuanza peke yake. Mwaka 1836 Nikolai Gogol alichapisha hadithi ya afisa aliyeamka bila pua. Pua hiyo anaikuta mjini imevaa sare ya cheo kinachopita chake, na kinachomtatiza ni jinsi ya kumkabili mkubwa wake! Anakwenda gazetini kutoa tangazo. Karani anamkatalia kwa hofu kwamba gazeti litapoteza heshima. Mwaka 1915 Franz Kafka naye akamtoa Gregor Samsa, mchuuzi msafiri anayeamka akiwa mdudu mkubwa, na fikra yake haikawii kukimbilia garimoshi la saa kumi na moja alfajiri lililomwacha. Anawaza bosi atasema nini. Msomaji anataka kupiga kelele: ndugu, wewe ni mdudu! Lakini Gregor hasikii, ana kazi.

Hapa nina ugomvi mdogo na namna tunavyofundishwa kusoma. Kafka akishawekwa mezani, swali la kwanza huwa: huyo mdudu anawakilisha nini? Ni unyonge, ni ugonjwa, ni baba mkali? Kafka mwenyewe, kabla kitabu hakijatoka, alimwandikia mchapishaji wake kumsihi kwamba mdudu asichorwe kwenye jalada, hata kwa mbali. Aliona hatari ambayo walimu wengi hawaioni. Ukishamchora umempata, na ukishampata umepumzika. Hadithi hii haitaki upumzike.

Watu husema pia kwamba katika ubwege lolote linaweza kutokea. Si kweli, na waandishi wengi chipukizi huangukia hapo. Kumbukeni kisa cha Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Akaazima tena, safari hii hakurudisha. Alipoulizwa akajibu kwamba sufuria imefariki. Jirani akaja juu: tangu lini sufuria ikafa? Abunuwasi akamuuliza: uliposikia imezaa, mbona hukushangaa?

Ni mwanafalsafa gani angelieleza jambo hili vizuri zaidi? Hadithi ya ubwege inaruhusiwa uongo mmoja mkubwa. Baada ya hapo sheria ni kali kuliko za hadithi ya kawaida: kilichozaa sharti kife. Aliyekubali la kwanza kwa tamaa au kwa uvivu atabanwa na la pili. Mwandishi anayerundika maajabu kumi, kila moja likiwa na sheria yake, hambani mtu yeyote.

Ndiyo maana pia ufupi si pambo. Ile hali ya kutoshangaa haivumiliki kwa muda mrefu. Baada ya kurasa mia msomaji huanza kuizoea, na akizoea yeye naye hakuna tena wa kushangaa. Kuna waliothubutu kwenda mbali zaidi. Kwa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi alifanya hivyo katika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na hata yeye alizifanya riwaya hizo ziwe fupi sana.

Nije kwenye kuvunja miiko, ambako lawama ni nyingi zaidi. Mwaka 1729 Jonathan Swift alitoa kijitabu cha kejeli kilichopendekeza kwamba watoto wa maskini wa Ireland wauzwe wakaliwe. Kichefuchefu hakitokani na nyama pekee. Kinatokana na tarakimu. Msimulizi wake anahesabu watoto 120,000, anatenga 20,000 wa kuzalisha, robo yao wakiwa wa kiume, na 100,000 waliobaki anawapeleka sokoni wakifikisha mwaka mmoja. Ana upole wa mtu wa mipango, na anajiona ana huruma. Swift hasimami popote kutuambia kwamba huyu ni mwovu. Laiti angesema, tungeafikiana naye na kwenda kulala.

Kisha tarehe 26 Juni 1948 jarida la The New Yorker lilichapisha hadithi ya Shirley Jackson kuhusu kijiji kinachopiga bahati nasibu kila mwaka, na anayeangukiwa na kura hupigwa mawe hadi kufa. Wanakijiji wanazungumzia matrekta na kodi. Mwandishi alisimulia baadaye kwamba kiangazi kile alipata barua zaidi ya 300, nyingi zikiwa za hasira. Lakini zinazoshtua hasa ni zile zilizouliza bahati nasibu hizo hufanyika wapi, na kama mtu anaweza kwenda kutazama. Nikizifikiria barua hizo naona hadithi imetoka nje ya karatasi na kumkuta asiyeshangaa akiwa amekaa upande wa wasomaji.

Zipo hadithi chafu tupu, sikatai. Damu, matusi, mwili wa mwanamke au wa mtoto ukiharibiwa ili mwandishi aonekane shujaa. Kipimo changu ni kuuliza nani anaulizwa swali na hadithi hiyo. Swift anamuuliza mwenye nguvu, na Jackson anakiuliza kijiji kizima, pamoja na mimi na wewe. Hadithi chafu haimuulizi mtu; inamtumia mnyonge kama chombo na kuniomba mimi nipige makofi. Mwiko umevunjwa, lakini aliyeumia ni yuleyule anayeumia kila siku hata bila hadithi.

Kwa wale wenu mnaosoma pamoja katika vikundi, nawaomba mjaribu jambo moja. Mkimaliza hadithi ya namna hii, acheni kwanza swali la maana yake. Ulizeni: nani hapa hakushangaa, na kutoshangaa huko kunamfaidi nani? Katika bahati nasibu ya Jackson mtamwona Tessie Hutchinson akilalamika kwamba kura haikuwa ya haki. Alikuja amechelewa, akacheka na majirani, na hakuona kasoro yoyote hadi karatasi yenye alama nyeusi ilipokuwa mkononi mwa mumewe.