"One ya Saba" kwa Kiingereza Inaitwaje?

Mhadhara kwa wanafunzi wa Kiingereza wa jioni, Morogoro

Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo? Naona mmekuja na madaftari. Yafungeni kwanza, leo hakuna notisi.

Kuna kijana nilimfundisha hapahapa mjini, akaitwa kwenye usaili wa nafasi ya kusoma nje. Usaili wenyewe wa kwenye kompyuta, upande wa pili wamekaa Wamarekani wawili na mama mmoja wa Kiingereza. Wakamuuliza shuleni alifanyaje. Akajibu kwa kujiamini: "I got division one of seven." Sisi tukisikia one ya saba tunapiga makofi. Pointi 7 kidato cha nne ni A saba, hakuna kinachozidi hapo. Wale wakatazamana. Mmoja akauliza, "One out of seven?" Yaani moja kati ya saba! Na kijana wetu, kwa adabu tuliyomlea nayo ya kutobishana na mkubwa, akaitikia, "Yes." (Kicheko.)

Nafasi hakuipata. Sitasema ni kwa sababu hiyo, sikuwamo kwenye kikao chao. Ila alipokuja kunisimulia, aliniomba nimfundishe sarufi zaidi, na hapo ndipo nilipomkatalia. Sarufi ilimtosha. Kilichomponza ni kudhani kwamba Kiingereza cha mambo ya shule ni kimoja dunia nzima, kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye cheti chake litaeleweka popote. Kiingereza cha NECTA, Baraza letu la Mitihani, ni Kiingereza halali kabisa, hakina aibu. Lakini wanaokielewa ni sisi tuliopita humo.

Tazameni hizo pointi tu. Kwetu zikipanda, umeshuka. Mtu wa pointi 7 yuko juu, wa 33 anashikilia division four kwa kucha. Vuka Namanga: Mkenya mwenye A kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ana pointi 12, na kwao zikipanda umepanda. England mitihani ya GCSE, ya vijana wa miaka 16, sasa inapewa namba, 9 ndiyo ya juu. Ujerumani 1 ndiyo ya juu. Mmarekani yeye anawaza wastani ambao kwa kawaida kilele chake ni 4. Sasa umtajie huyo namba tupu, atajuaje inaelekea wapi? Yule kijana angesema hivi, kwa Kiingereza cha darasa la tano: "I got an A in seven subjects. In our system a small number is good. Seven is the best you can get." Basi. Hakuna neno gumu hata moja, na hakuna wa kumwuliza mara mbili.

Nami ninachowaomba leo ni hicho tu: usimtajie mgeni jina la kitu cha shule ukanyamaza. Mwambie kinafanyaje kazi.

Wenye lugha yao wenyewe hawaelewani. Chukua "public school". Mmarekani akisema hivyo anamaanisha shule ya serikali, ya bure, ya mtaani kwake. England "public school" ni shule ya binafsi ya ada kubwa mno. Eton, walikosoma William na Harry, wana wa mfalme, ni "public school". Ilianzishwa na Mfalme Henry wa Sita mwaka 1440 kwa ajili ya vijana 70 maskini, nanyi mnaijua dunia, maskini hawadumu mahali pazuri. Ukienda London ukasema "I went to a public school" kwa kuwa ulisoma shule ya kata, wataanza kukutazama viatu.

Au "tuition". Hapa tuisheni ni masomo ya ziada, jioni, chini ya mwembe au gereji kwa mwalimu. Mmarekani akisikia "tuition" anasikia ada. Umwambie "I went to tuition every evening", ni kama umemwambia kila jioni ulikuwa unakwenda ada. Sema "extra lessons", mambo yameisha. "College" nayo: kwa Mmarekani ni chuo kikuu, kwa Mwingereza mara nyingi ni mahali pa vijana wa miaka 16 hadi 18, kwetu mtu hufikiria chuo cha ualimu. Na neno "advance", mnalolitumia kila siku, "nimesoma advance", huko nje usilibebe kabisa. Nimemwona mtu akilitumia, msikilizaji akadhani anaomba mshahara kabla ya mwezi kuisha.

Hapo nitoke nje ya njia kidogo, mniruhusu, maana watu hudhani kuazima maneno ya shule ni udhaifu wetu. Neno shule tumelitoa kwa Wajerumani. Ndugu zetu wa Zanzibar hawakutawaliwa na Mjerumani, wao wakalitoa kwa Mwingereza, ndiyo maana wanasema skuli. Darasa, elimu, mwalimu, daftari, yote yamekuja na Mwarabu. Chuo zamani kilikuwa kitabu, na mtoto wa pwani hadi leo akienda chuoni anakwenda kusoma Kurani. Lakini "form" hatukuliazima. Tulilitafutia letu: kidato. Waliokulia kwenye minazi mnakijua. Ni kile kikato kinachochongwa kwenye shina ili mkwezi apate pa kukanyagia. Kila mwaka wa sekondari ni pa kukanyagia kuelekea nazi. Waingereza wenyewe sasa wanahesabu kwa miaka, Year 7, Year 8, hadi 11, "form" imebaki zaidi kule juu, kwenye "sixth form". Sisi bado tunakwea. Siku ukikosa la kusema mbele ya mgeni, mweleze kidato. Nakuhakikishia atasikiliza.

Turudi. Makosa yapo, siyafichi, na mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu kizuri. Sisi tuna kusoma moja tu: nasoma gazeti, nasoma Mzumbe. Kiingereza kina mbili, gazeti ni "read", shule ni "study" au "go to". Tena tunasema "nimemaliza mwaka 2015", hakuna anayeshtuka. Ukiihamisha hiyo "-me-" ikawa "I have finished in 2015", kwa Kiingereza imeharibika. Ukishataja mwaka uliopita, sema "I finished". Na mzazi anayekwenda kuonana na mwalimu mkuu anakwenda "to the school", mtoto wake anakwenda "to school". Kaneno "the" ndiko kanakotenganisha mzazi na mwanafunzi.

Lakini kosa la "discuss about", badala ya "discuss" peke yake, msiisingizie lugha ya mama. Kiswahili kinasema "tujadili elimu", hakihitaji kuhusu wala juu ya. Hiyo tumeipata wenyewe kwenye midahalo.

Na midahalo hiyo! Nani hapa hajasimama akasema "Honourable chairperson, timekeeper, fellow debaters"? Mada zenyewe ni zilezile: elimu ni bora kuliko pesa, bweni ni bora kuliko kutwa. Tulijifunza kuizungumzia elimu kwa Kiingereza kama wabunge. Ila mwulize mtu yuleyule shuleni kwao walikuwa wanakula nini mchana. Anakwama! Maisha yake ya msingi yote yalikuwa ya Kiswahili, tangu 1967 shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, na alipovuka kwenda kidato cha kwanza Kiingereza alichokuta kilikuwa cha osmosis na photosynthesis. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, tume ya rais ya elimu, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, serikali haikufuata. Sitaki tuufungue mjadala huo leo, tutalala hapa. Nataka tu mjue kwamba ukikwama kuelezea utoto wako kwa Kiingereza, si kwamba huna akili. Hakuna aliyewahi kukuuliza.

Na msikariri miundo ya miaka ya shule. Saba, nne, mbili, tatu, mmeimba sana. Mkenya naye aliimba nane-nne-nne tangu 1985, na mwaka 2023 KCPE, mtihani wao wa darasa la nane, ikafanyika kwa mara ya mwisho. Kwetu Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka msingi uwe miaka 6 na elimu ya lazima miaka 10. Mdogo wako atasimulia hesabu nyingine. Wewe simulia uliyopitia.

Mnakumbuka kidumu na fagio? Mkono huu kidumu cha maji, huu fagio, daftari kwapani. Mchakamchaka asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri, wakubwa mbele, wadogo nyuma tukitimuliwa vumbi. Mstarini kukaguliwa kucha. "We carried water to school. We carried a broom. In the morning we ran and sang. The teacher looked at our nails." Sentensi nne. Mgeni ameshaiona shule yako kuliko ungemwambia "primary education in Tanzania takes seven years".

Sasa geukeni, kila mtu na jirani yake. Dakika mbili. Mwelezeni kengele ya shule yenu kwa Kiingereza, na asiyejua neno "rimu" aizunguke: ni chuma, ni cha duara, kilitoka kwenye lori, kilining'inia mtini, kiranja alikigonga kwa nondo. Mama wa kitenge cha bluu, naona umeshainua mkono. Haya mama, anza. Kelele huko nyuma, tumsikilize.

"Our bell... it was the wheel of a lorry. But there was no lorry." (Kicheko, makofi.)