Ardhi Iliyonunuliwa Bado Haijahifadhiwa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Mashirika ya amana ya ardhi, yaani yale yanayonunua ardhi au kuilinda ili isijengwe, hutoa taarifa zao kila mwaka, na ukurasa wa kwanza wa taarifa hizo karibu kila mara huwa wa ekari. Bonde limenunuliwa. Kinamasi kimepewa ulinzi. Msitu uliokuwa ukatwe viwanja vya nyumba umenusurika. Watu hupiga makofi, na ni haki yao. Mimi leo nimekuja kuzitetea kurasa za nyuma, zile ambazo wafadhili wengi huzifunua harakaharaka: mipaka iliyokaguliwa, magugu yaliyong'olewa, mawakili waliolipwa. Naamini kwa dhati kwamba ardhi huhifadhiwa huko. Siku ya kutia saini hati huhamisha haki tu. Ulinzi wenyewe huanza kesho yake na hauna mwisho.

Wazo hili lina umri wa zaidi ya karne moja. Charles Eliot, msanifu kijana wa mandhari, aliona misitu ya kandokando ya Boston, Marekani, ikimezwa na mji, na mwaka 1890 akapendekeza kiundwe chombo cha kushika viwanja vizuri kwa niaba ya umma. Mwaka uliofuata Bunge la Massachusetts lilipitisha sheria ya kukianzisha chombo hicho. Eliot alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 37. Miaka miwili kabla ya kifo chake, Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley walikuwa wameanzisha National Trust huko Uingereza. Ardhi ya kwanza ya shirika hilo ilikuwa Dinas Oleu, mteremko unaotazama bahari huko Wales, zawadi ya Fanny Talbot. Sheria ya mwaka 1907 ikalipa shirika uwezo wa kutangaza kwamba ardhi fulani haiuzwi tena.

Haiuzwi tena. Katika neno hilo ndimo kazi yote ilimojificha, maana anayeahidi milele anaahidi kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa, tena juu ya ardhi isiyokaa kimya.

Huko Marekani, ambako mashirika haya ni mengi na mengine ni ya eneo dogo tu la mto mmoja au kaunti chache, sensa yao ya mwaka 2020 ilihesabu ekari milioni 61 zilizokwisha kupewa ulinzi. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni amana kuimiliki ardhi yenyewe. Ya pili ni mkataba wa hifadhi, na hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu wengi huuelewa vibaya.

Mwenye shamba akitia saini mkataba wa hifadhi, shamba linabaki lake. Anaweza kulima, kuvuna miti kwa kiasi kilichokubaliwa, kuuza, kurithisha. Anachoachia ni haki kama ile ya kukata viwanja, kujenga mtaa au kuchimba migodi. Haki hiyo haihamii kwa amana ili nayo ikajenge, inafutika. Amana hubaki na uwezo wa kuingia, kutazama na kudai mkataba uheshimiwe. Mkataba huandikishwa pamoja na hati za ardhi, na hulifuata shamba kwa kila mmiliki atakayekuja. Anayeutoa kama zawadi hupata nafuu ya kodi ya serikali ya shirikisho, ila kwa sharti kwamba uwe wa milele. Nafuu hiyo imewahi kutumiwa vibaya na wawekezaji waliokuza thamani ya mikataba ili wakwepe kodi, hadi Bunge la Marekani likaweka ukomo mwishoni mwa mwaka 2022. Nafurahi kwamba lilifanya hivyo, kwa sababu kila mkataba wa uongo humfanya mwenye shamba mkweli atiliwe shaka.

Sasa, milele hiyo hutekelezwaje? Viwango vya Land Trust Alliance, muungano wa amana za Marekani ulioundwa mwaka 1982, vinataka kila mkataba ukaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Mkataba unapotiwa saini huandaliwa kumbukumbu ya hali ya mwanzo: ramani, picha zilizopigwa kutoka sehemu zinazoweza kupatikana tena, maelezo ya majengo, barabara na vijito, pamoja na saini za pande zote mbili. Mkaguzi hurudi na kumbukumbu hiyo mkononi. Anatembea mpakani akitafuta kisiki kibichi, uzio uliosogea, banda la jirani lililovuka mpaka kwa mita mbili, taka za bustani zilizomwagwa korongoni, njia ya magari ya burudani ambayo mwaka jana haikuwapo.

Siku hizi picha za satelaiti na droni husaidia sana, hasa pale shamba linapokuwa kubwa. Sizipondi kamwe. Lakini picha ya kutoka juu haiwezi kuzungumza na mwenye shamba, na mazungumzo ni nusu ya ukaguzi. Aliyetia saini mkataba kwa hiari yake ni nadra kuuvunja. Matatizo huja zaidi na mnunuzi, mrithi au jirani, yaani watu ambao hawakuwapo ahadi ilipotolewa. Mkaguzi anayekunywa chai na mwenye shamba husikia mapema kwamba shamba linatafutiwa mnunuzi, na amana huwahi kumweleza mnunuzi huyo anachokinunua. Kosa likigunduliwa lingali vigingi na kamba za kupimia msingi, simu moja hulimaliza. Likigunduliwa limeshakuwa nyumba yenye watoto ndani, huishia mahakamani, na huko hata mshindi hutoka na majeraha.

Ardhi ambayo amana inaimiliki yenyewe inadai zaidi ya ukaguzi. Katika maeneo ya kaskazini yenye mbuga za prairi, mwaka wa kazi huanza wakati wa baridi. Udongo ukiwa umeganda, vikosi huingia na misumeno kukata vichaka vamizi, kwa kuwa wakati huo buti na mashine hazivurugi ardhi na mimea asilia imelala. Mbegu za mimea ya prairi nazo hutawanywa kabla baridi haijaisha, hata juu ya theluji, kwa sababu nyingi haziwezi kuota zisipopitia kwanza kipindi cha baridi na unyevu.

Majira ya kuchipua yakifika huja zamu ya moto. Moto huu ni wa makusudi, wenye kibali, wenye mpango ulioandikwa kuhusu upepo na unyevu wa hewa, wenye njia za kuuzuia zilizosafishwa mapema na watu wanaobaki hadi moshi wa mwisho uzimike. Nyasi za prairi zina machipukizi na mizizi yake chini ya udongo. Moto unapita juu yake, unaunguza miche ya miti iliyokuwa ikijiandaa kuifunika mbuga, na nyasi zinaota upya. Sehemu fulani huachwa bila kuchomwa, ili wadudu waliopitisha baridi ndani ya mabua wapone. Naipenda sana kanuni hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba mtunzaji mzuri hatazami maua tu.

Kisha kuna gugu liitwalo garlic mustard, lililoletwa kutoka Ulaya, linalotandaa chini ya miti ya msituni. Huishi miaka miwili, huchanua mwaka wa pili, na lazima ling'olewe kabla halijamwaga mbegu. Mbegu zake hubaki hai udongoni kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mahali paliposafishwa mwaka huu patasafishwa tena mwakani, na mwaka unaofuata. Ukiruka msimu mmoja, unapoteza jasho la misimu mingi. Hakuna mfadhili anayekata utepe kwa ajili ya kazi hii. Hufanywa zaidi na watu wa kujitolea waliopiga magoti kwenye matope, na mimi nawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

Mara nyingi naulizwa: kwa nini msiiache asili ijitunze? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba vipande hivi vya ardhi vimetenganishwa na mambo yaliyokuwa yakivitunza. Mioto ya zamani huzimwa, mbwamwitu wameondolewa na paa hula miche yote, mito imejengewa kingo, na meli za biashara huleta viumbe wageni wapya. Mbawakawa wa kijani kutoka Asia aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 ameua makumi ya mamilioni ya miti iitwayo ash kwa Kiingereza, ya jamii ya Fraxinus. Kukiacha kipande cha ekari 40 kilichozungukwa na nyumba ni kukikabidhi kwa nguvu tulizozileta sisi.

Haya yote hugharimu fedha. Mfuko wa serikali ya Marekani uitwao Land and Water Conservation Fund, uliowekwa kisheria mwaka 1964, ulihakikishiwa dola milioni 900 kila mwaka kwa sheria ya mwaka 2020, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini fedha hizo husaidia kununua ardhi na kujenga huduma. Hazilipii kung'oa magugu mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana amana makini hudai kila mkataba uje na mchango kwenye mfuko wa wakfu, ambao mapato yake hulipia ukaguzi na utetezi. Tangu mwaka 2013 amana nyingi zimejiunga pia katika bima yao ya pamoja, Terrafirma, inayolipia gharama za kesi.

Mlinzi akikosekana, mambo huwaje? Huko Wyoming, shamba la zaidi ya ekari 1,000 lilipewa mkataba wa hifadhi mwaka 1993, na kaunti ndiyo iliyoushika. Mwaka 2002, kukiwa na mpango wa kuchimba gesi ya methani, kaunti hiyohiyo ikaurudisha mkataba kwa wamiliki wapya, yaani ikaufuta. Raia mmoja akaenda mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba hakuwa na haki ya kufungua kesi, na kwamba aliyefaa ni Mwanasheria Mkuu. Maandishi ya mkataba yalikuwapo wakati wote. Aliyepaswa kuyasimamia ndiye aliyeyaachia.

Basi mtakapopewa taarifa ya mwaka ya amana yoyote, anzeni kutoka nyuma. Ulizeni ina mikataba mingapi, na mwaka huu mingapi ilikaguliwa. Kama namba hizo mbili hazilingani, ulizeni sababu. Tazameni kama mfuko wa wakfu unakua sambamba na ekari au umeachwa nyuma. Na mkiwa na fedha za kutoa, andikeni wazi kwamba ni za utunzaji.

Nakaribisha maswali.