Plasta bado? Pita nyumba nzima na chaki kwanza

Karibuni, watazamaji. Kuta zimesimama, paa liko juu, plasta bado. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii: kuweka alama za swichi, soketi na paipu kabla hazijafunikwa. Unahitaji chaki, futikamba na simu yenye chaji. Plasta ikishapigwa, kila wazo jipya linadai tindo na nyundo.

Tuanze na milango. Chora sakafuni kila mlango utafungukia wapi, nusu duara, hivi. Wengi wanaparuka hapa wanakimbilia soketi, mwisho swichi inajificha nyuma ya mlango na mgeni anapapasa ukuta gizani. Swichi inakaa upande wa kitasa, si upande wa bawaba. Na ukibadilisha mlango baadaye ufungukie upande mwingine, rudi ufute chaki zako zote za hapo uanze upya.

Sasa urefu. Usipime kutoka sakafu hii unayoikanyaga! Bado kuna zege la kusawazisha na marumaru, sakafu itapanda. Chukua mpira wa maji mwembamba wa kuonyesha ndani, ujaze maji, toa mapovu yote, maji ya ncha zote mbili yatalala usawa mmoja, kisha kwa usawa huo zungusha alama moja nyumba nzima: mita moja juu ya sakafu itakavyokuwa ikikamilika. Vipimo vyote vitoke kwenye mstari huo. Swichi kama sentimita 20 juu yake, soketi za kawaida sentimita 60 chini yake... Samahani, chaki haishiki, tofali lina unyevu. Tutumie msumari kukwaruza. Naam, inaonekana.

Samani sitachelewa nazo: chora kitanda, kabati na meza kwa ukubwa wake halisi, ndipo upange soketi. Kitandani weka pande zote mbili, tafadhali, ndoa za watu zinavunjikia kwenye chaja. Jikoni soketi zikae juu ya kaunta, mbali na sinki, na oveni ipewe laini yake peke yake kutoka kwenye boksi kuu la umeme. Unene wa waya huo aupige hesabu fundi umeme, usikisie.

Haya, sogeza kamera. Paipu za akiba. Kutoka kwenye boksi kuu pitisha paipu tupu hadi darini, nyingine hadi nje kwenye geti, nyingine hadi mahali pa televisheni. Leo hazina kazi. Siku ukitaka kamera, intaneti au paneli za jua, utavuta waya bila kuvunja ukuta. Ndani ya kila moja acha uzi wa nailoni, na ZIBA MIDOMO YOTE MIWILI. Karatasi iliyofinyangwa, halafu tepu juu yake. Plasta ikiingia humo ikakauka, paipu hiyo hesabu huna.

Tuone uzi unapitaje. Tunafunga kipande cha mfuko wa plastiki kwenye ncha, upande wa pili tunanyonya kwa mashine ya kufyonza vumbi... Mbona umegoma? Kijana, zima kwanza. Mnaona pale? Wameunga kiwiko cha kona kali. Uzi haupiti, na waya mnene ndio usiseme. Kona ya paipu inakunjwa taratibu na springi ndani ili isibonyee. Hiki tunakikata sasa hivi. Afadhali kimeonekana leo. Washa tena. Umepita! Na umeziba? Hujaziba. Ziba, ndugu yangu, mafundi plasta wako chumba cha pili.

Bafuni nitakwenda haraka. Sakafu iteremke kuelekea tundu la maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na umwage ndoo ya maji uangalie kabla ya marumaru. Kila bafu liwe na koki yake ya kufungia, mahali mkono unapofika. Mimi napenda pia bomba moja nje, karibu na mlango wa nyuma. Miguu yenye matope ioshwe huko.

Kama maji yatashuka kutoka tangini, kumbuka mita 10 za kimo zinatoa takriban baa 1 tu ya msukumo wa maji. Tangi likiwa mita 2 juu ya bomba la mvua, hiyo ni baa 0.2. Utaoga, lakini kwa subira. Ukitaka pampu, mahali pake na soketi yake vipangwe leo.

La mwisho ni picha. Fungua futikamba, isimamishe ukutani, piga kila ukuta kutoka kona hadi kona, namba zisomeke. Halafu nyingine ilale sakafuni, ujue paipu iko umbali gani kutoka kona. Ipe kila picha jina la chumba, zihifadhi mahali pawili. Atakayekuja kutoboa ukuta kutundika kabati atakuuliza paipu ya maji imepita wapi, nawe utamwonyesha. Wale mnaopigiwa plasta kesho asubuhi, zimeni video mkapige picha, jua halijazama.