Jinsi ya Kufua Patasi ya Kukatia Chuma kwa Springi ya Gari

Habari zenu ndugu zangu, karibuni sana. Leo niko uani hapa Nyakato, Mwanza, na tunafua patasi ya kukatia chuma baridi kwa springi ya gari iliyokwisha kazi. Kupiga nyundo utakuweza tu, mkono unazoea. Patasi inapona au inakufa kwenye kukaza makali, yaani kuyafanya magumu kwa kuyapasha moto na kuyachovya kwenye mafuta, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa muda mrefu.

Springi kwanza. Nenda kwa wauza vyuma chakavu, uliza springi ya mviringo ya shokapu ya gari dogo. Wanauza kwa kilo. Ichunguze juani: ukiona ufa mwembamba au kutu iliyochimba, iache. Chukua iliyokwisha kutolewa kwenye gari, na usijaribu kufungua mwenyewe springi iliyobanwa kwenye shokapu, maana ikifyatuka inaweza kuua mtu. Wengi wananiuliza kama nondo inafaa. Haifai. Nondo ina kaboni kidogo, utaichovya mpaka uchoke na itabaki laini. Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6, na hiyo ndiyo inayokifanya kikaze. Kipande cha reli usikubali kuuziwa hata kikiwa bei ya bure. Ile ni mali ya umma, na utaulizwa ulikitoa wapi.

Jiko langu ni hili hapa, rimu ya gari ya chuma. Rimu ya aloi usiitumie, alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 na moto wetu unapita hapo bila taabu. Ndani nimekandika udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, unene wa vidole viwili, nikauacha ukauke taratibu kivulini. Ubavuni linaingia bomba la upepo, bomba jeusi la chuma la kawaida. Lile la maji linalong'aa kama fedha limepakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta, jioni unapata homa na kifua kinabana. Halafu hapa kwetu mawe yako kila kona, utashawishika kuyapanga kuzunguka moto. Usifanye hivyo. Jiwe lenye unyevu likipata joto kali linapasuka na kurusha vipande usoni.

Upepo natumia draya ya nywele ya zamani. Mvukuto wa ngozi nao unafaa kabisa. Wahunzi wa zamani walioitwa Warongo, kule Uzinza ng'ambo ya ghuba, walifua majembe kwa mkaa na mvukuto, na majembe hayo yakauzwa mpaka Usukumani na Unyamwezini. Kwa hiyo ndugu yangu usiniambie huna vifaa. Fuawe yangu, yaani chuma ninachofulia juu yake, ni kichwa cha ekseli ya lori, nimekisimika kwenye gogo la mwembe.

Vaa viatu vya kufunika, miwani, na nguo ya pamba. Nguo ya nailoni ikipata cheche inayeyukia mwilini.

Haya, tukate. Kwa grenda natoa kipande kitakachonipa kama sentimita 20 kikinyooka. Kitie kwenye mkaa, washa upepo, subiri kiwe rangi ya chungwa inayoelekea njano. Toa, nyoosha kwa mapigo mepesi. Kikirudi kwenye wekundu wa giza, acha kupiga, rudisha motoni. Chuma hiki ukikilazimisha kikiwa kimepoa kinapata ufa ndani ambao huuoni leo. Na ukiona kinatoa cheche kikiwa ndani ya moto, kimeungua, kata sehemu hiyo uitupe.

Sasa chonga mdomo. Piga pande mbili, geuza, sawazisha mbavu, tena na tena, mpaka sentimita 5 za mwisho ziwe zimepungua unene. Usiufanye kuwa mwembamba kama kisu. Ukimaliza, pasha patasi nzima iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu makavu, nenda kafanye mambo mengine. Ikipoa polepole hivyo inalainika, na tupa itaila vizuri. Piga tupa mpaka makali yawe na pembe ya nyuzi 60 hadi 70.

Tumefika penyewe. Naomba msiruke hapa.

Andaa mafuta ya kula, mimi natumia ya pamba, kwenye kopo refu la chuma lenye mfuniko. Yapashe kidogo yawe vuguvugu. Funga sumaku kwenye waya karibu na jiko. Subiri jioni au sogea kivulini, kwa sababu juani rangi ya chuma inakudanganya. Pasha sentimita 4 za mdomo tu, upepo wa chini. Gusisha sumaku: inanasa, rudisha. Gusisha tena. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haikishiki kabisa. Hapo rudisha motoni kidogo tu, rangi ipande kidogo, kisha toa na uchovye wima, ukipandisha na kushusha kwa upole ndani ya mafuta. Usikoroge kwa pembeni, itapinda. Moto ukiwaka juu ya kopo, funika. Maji usimwage hata tone.

Ikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Sikilizeni... tupa inateleza kwa mlio mkali, haing'ati. Imekaza. Lakini ukiipiga nyundo sasa hivi itavunjika vipande, kwa hiyo tuilegeze kidogo.

Sugua mdomo kwa msasa mpaka ung'ae, hakikisha hakuna mafuta. Shika patasi kwa koleo, weka kiwiliwili juu ya makaa, mdomo ukiwa nje. Tulia, angalia. Inaanza rangi ya majani makavu, inatembea kuelekea kwenye makali. Nyuma yake kahawia, halafu zambarau, halafu bluu. Umeona inavyosogea? Kwa patasi ya kukatia chuma tunataka zambarau inayoanza kuwa bluu ifike kwenye makali. Imefika. Chovya kwenye maji mara moja, isiendelee.

Kichwa hatukukikaza, na kibaki hivyo. Saga kingo zake ziwe za mviringo. Siku kikianza kutanuka kama uyoga, saga tena, maana vile vipande vinavyoning'inia ndivyo vinavyoruka machoni.

Mafuta yaliyobaki yachuje, yafunike, yatumie tena. Usiyamwage mtaroni, mitaro ya jiji hili inaishia Mto Mirongo na kisha ziwani.

Kwa mafundi mitumbwi walioniandikia kuhusu patasi ya kukalafati, yaani ya kuziba mianya ya mbao: hatua ni hizi hizi za kufua, ila mdomo uwe mpana na butu, na kukaza msijisumbue, kwa sababu inasukuma pamba kati ya mbao, haikati kitu.

Sasa jaribu yako kwenye msumari mnene. Makali yakipinda, hayakukaza, rudia kuanzia sumaku. Yakimeguka, uliwahi kuyatoa kwenye rangi. Sugua, rudisha juu ya makaa, safari hii subiri mpaka bluu kamili ifike ncha.