Vipindi Hakuna, Sheria Tele

ZUHURA: Asalaam aleikum, karibuni tena. Mwalimu Athman, wazazi wa anskulingi, hawa wanaosomesha nyumbani bila mtaala, huuliza: nishamtoa mwanangu darasani, mbona nimrudishe shule, hata kama yaitwa huru, yaani ile ambayo masomo ni hiari na sheria hutungwa kwa kura za watoto na wafanyakazi?

ATHMAN: Aleikum salaam, Bi Zuhura. Kwa kuwa nyumbani hamna umati. Mtoto atajifunza kusoma, kushona, kutengeneza baiskeli, yote ayapate. Lakini kutunga sheria na watu asiowachagua, ashindwe kwa kura kisha kesho aifuate sheria ile ile, hilo lataka watu wengi.

ZUHURA: Wengi wasikiapo "huru" hudhani ni uwanja wa fujo.

ATHMAN: Kumbe vitabu vya sheria vya shule hizi ni vinene! Tazama Summerhill ya Uingereza. A. S. Neill aliianzisha mwaka 1921 kule Ujerumani, na tangu 1927 iko Leiston, Suffolk. Ratiba ya masomo ipo na walimu wapo, ila kuingia darasani ni hiari. Kisha kuna Sudbury Valley, Framingham, jimbo la Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 1968. Huko hata ratiba hakuna. Wataka hesabu? Mtafute mtu, mpatane saa.

ZUHURA: Ndipo wazazi wa anskulingi huvutika na hii ya pili.

ATHMAN: Naam. Hakuna madaraja ya umri, wa miaka minne na wa kumi na minane wamo nyumba moja. Hakuna alama. Lakini ndipo penye mtego, dada yangu. Mzazi aliyezoea kukaa ubavuni mwa mwanawe ataambiwa aishie langoni. Kwenye mkutano wa kila wiki wenye kura ni wanafunzi na wafanyakazi, kila mtu kura moja. Mzazi hamo. Yeye hupiga kura katika mkutano mkuu wa shule, unaopitisha mambo kama bajeti na karo.

ZUHURA: Na wafanyakazi wenyewe?

ATHMAN: Hupigiwa kura ya siri kila mwaka. Usipochaguliwa, waaga.

ZUHURA: Ebu tuliweke shauri mezani. Tuseme kijana wa miaka kumi na minne ameacha sufuria ya mchuzi jikoni, na wa miaka saba ndiye aliyeikuta imejaa siafu.

ATHMAN: Yule mdogo hapeleki shauri kwa mtu mzima. Achukua fomu, ajaza nani, wapi, lini, kulitokea nini, na nani aliona. Asiyejua kuandika huandikiwa, maneno yake yasibadilishwe. Kamati ya sheria, yaani watoto wa rika mbalimbali na mtu mzima mmoja, yaita mashahidi, yaandika taarifa, kisha yatafuta ni kifungu gani kimevunjwa. Mshtakiwa aulizwa: wakubali au wakana? Akikubali, adhabu hutoka hapo hapo, labda marufuku ya jikoni siku mbili. Akiona ameonewa, hukata rufaa mbele ya mkutano wote.

ZUHURA: Na watu wazima nao hushtakiwa?

ATHMAN: Lazima! Wasiposhtakika, hiyo ni shule ya kawaida iliyovaa kanzu mpya.

ZUHURA: Huharibika wapi hasa?

ATHMAN: Kwanza, ajenda. Isipobandikwa ukutani kabla ya mkutano, wenye ulimi mwepesi hupitisha mambo papo hapo na wadogo wameduwaa. Hoja nzito isomwe wiki hii, ipigiwe kura wiki ijayo. Pili, watu wazima kuingiza somo kwa mlango wa nyuma, "mchezo" ambao kumbe ni hesabu. Watoto hunusa. Tatu, mtoto aliyetoka shule ya kawaida huenda akakaa miezi bila kugusa kitabu, mzazi akapata kiwewe na kumtoa muhula wa kwanza. Wenye uzoefu huhesabu takriban mwezi mmoja wa kupoa kwa kila mwaka aliokaa darasani. Ni kadirio tu, si sayansi.

ZUHURA: Na hapa kwetu Mombasa? Kuna walio na nyumba Nyali au Mikindani, wana watoto kumi na wawili, wataka waanze.

ATHMAN: Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto ahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa. Ukifungua shule ya kibinafsi, sharti uisajili, na walimu wawe wamesajiliwa na TSC, ile tume ya serikali ya walimu. Hapo ndipo kura ya kila mwaka hugongana na karatasi: watoto wamchagua fundi seremala, yeye hana nambari ya TSC. Basi mwanzo wakili, kisha rangi ya ukuta. Na mitihani muiwaze mapema. Familia nyingi za masomo ya nyumbani huishia kwenye mitihani ya Cambridge ya Uingereza, mtoto akijisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, na ada zake si za kuchezea.

ZUHURA: Na chuo cha Kurani jioni?

ATHMAN: Hakigongani. Mkutano uwekwe asubuhi, basi.

ZUHURA: Mzazi anayekwenda kukagua shule ya namna hii aangalie nini?

ATHMAN: Asiulize falsafa, hiyo wote wameihifadhi. Aombe kitabu cha sheria na kumbukumbu za mikutano mitano ya mwisho. Aangalie hoja zimeletwa na nani. Akikuta zote ni za watu wazima, achukue mkoba wake, ashukuru kwa chai, aende zake.