Kioo Kinachofumwa Ndani ya Kifuko: Jinsi Diatomu Zinavyojenga Ukuta wa Silika

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie ukuta wa diatomu, na kwa kuwa muda wenyewe si mrefu nitashikilia swali moja tu na kulifuata hadi litakapofika. Diatomu ni mwani wa seli moja unaoishi baharini, ziwani na hata kwenye udongo wenye unyevu, na aina nyingi hazionekani bila hadubini, kwani upana wake kwa kawaida ni kati ya mikromita 2 na 200. Kila seli imejifungia ndani ya ukuta wa silika. Silika ninayoitaja hapa si ile tabia ambayo mtu huzaliwa nayo, bali ni kampaundi ya silikoni na oksijeni, ndugu wa mchanga na wa kioo. Ukiutazama ukuta huo kwa hadubini ya elektroni utaona vitundu vimepangwa safu kwa safu, vingine vidogo kuliko nanomita 100, na kila spishi ina mpangilio wake ambao huurudia kizazi baada ya kizazi. Swali langu ni hili: ramani ya nakshi hiyo inakaa wapi?

Umbo la jumla ni jepesi kulieleza. Ni kijaluba: kuna gamba la juu na gamba la chini, la juu likiwa kubwa kidogo ili lilifunike la chini, na kiunoni kuna mikanda myembamba ya silika inayozishika nusu hizo mbili pamoja. Ugumu unaanza tunapouliza kijaluba hicho kinajengwaje.

Malighafi yake ni asidi ya silisiki, ambayo hutoka kwenye miamba inayomomonyoka na kuyeyukia majini. Kwenye tabaka la juu la bahari asidi hiyo ni haba mno, kwa hiyo seli haiwezi kukaa tu ikisubiri iingie yenyewe. Mwaka 1997 Mark Hildebrand na wenzake walieleza protini zilizomo kwenye utando wa diatomu iitwayo Cylindrotheca fusiformis, ambazo kazi yake ni kuishika asidi ya silisiki iliyo nje na kuivusha ndani. Protini hizi huweza kudanganywa. Elementi ya jemaniamu inafanana na silikoni kiasi cha kupokewa mlangoni bila kuulizwa, lakini ikishaingia ujenzi huvurugika, na ndiyo maana wanaootesha mwani mkubwa kwenye matangi hutia oksaidi ya jemaniamu kidogo ili diatomu zisiwashinde.

Silikoni ikiwa ndani huleta tatizo la pili. Katika maji ya kawaida, asidi ya silisiki ikizidi takriban milimoli 2 kwa lita, molekuli zake huanza kushikana zenyewe na kuganda. Vipimo vinaonyesha kwamba seli ya diatomu huweza kukusanya silikoni nyingi kuliko kiwango hicho, na bado haigandi hovyo. Kwa maoni yangu hili linastaajabisha kuliko uzuri wa vitundu: kabla ya kujua kujenga, seli imejua kuzuia.

Ruhusa ya kuganda hutolewa mahali pamoja tu. Seli inapogawanyika, kila mtoto hurithi gamba moja la mzazi na kubaki wazi upande wa pili. Chini kabisa ya utando wa upande huo ulio wazi hutokea kifuko bapa, chembamba mno, ambacho ndani yake kuna hali ya uasidi, na gamba jipya huundwa humo. Katika diatomu za mviringo ujenzi huanza na pete ndogo katikati. Katika zile ndefu huanza na ubavu unaopita kwa urefu. Kutoka hapo mbavu hutambaa kuelekea kingo, kisha mbavu za kukingama huziunganisha, na nafasi zinazobaki katikati ndizo vitundu. Kifuko hupanuka kadiri ujenzi unavyosonga, na gamba likishaenea ndipo hunenepeshwa. Kazi hiyo, ambayo fundi wa kioo angeihitajia tanuri la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, hufanyika katika joto lile lile la maji yanayoizunguka seli. Mwishoni kifuko hufunguka kwa nje, na gamba hutoka likiwa limevikwa ngozi nyembamba isiyo ya silika, iliyotengenezwa na seli yenyewe, ambayo bila hiyo lingeanza kuyeyuka, kwa sababu bahari haijashiba silika.

Ni nini basi kinachoigandisha silika ndani ya kifuko? Mwaka 1999 Nils Kröger, Rainer Deutzmann na Manfred Sumper, wa Chuo Kikuu cha Regensburg nchini Ujerumani, waliyeyusha kuta zilizosafishwa na kukuta protini zilizokuwa zimefungiwa ndani ya silika yenyewe. Waliziita silafini. Walipozitia kwenye myeyusho wa asidi ya silisiki, silika iliganda kwa sekunde chache. Lakini palikuwa na kasoro ambayo ilichukua muda kuonekana. Kemikali kali waliyoitumia kuyeyushia ukuta, yaani hidrojeni floridi, ilikuwa imezing'oa fosfeti, yaani vikundi vyenye fosforasi, zilizoshikamana na silafini, na majaribio yalikuwa yakifanikiwa kwa sababu bafa iliyotumika, yaani myeyusho wa kutuliza kiwango cha uasidi, ilikuwa na fosfeti zake. Mwaka 2002, kwa njia ya upole zaidi, zilipatikana silafini kamili: zina minyororo ya amini yenye chaji chanya na fosfeti zenye chaji hasi, kwa hiyo zinavutana, hujikusanya zenyewe, na huigandisha silika bila msaada wa fosfeti ya nje.

Wengi huishia hapo na kusema fumbo limefumbuliwa. Mimi sikubali. Kinachopatikana kwenye chupa ya maabara ni vijipira vya silika vilivyoshikana, na ukibadilisha viwango vya protini unaweza kupata vipande vyenye matundu, lakini hupati gamba la spishi fulani. Kemia ya silafini inaeleza kwa nini silika huganda; haielezi kwa nini ubavu huu upite hapa. Lipo jambo la kuangalia nje ya kifuko: nyuzi za protini iitwayo aktini na mirija midogo, ambazo ni sehemu za kiunzi cha seli, hujipanga kandokando yake, na seli ikipewa dawa ya kuzivuruga nyuzi hizo, magamba hutoka na kasoro.

Je, haiwezekani kwamba gamba jipya linanakili tu lile la zamani? Hapa diatomu zenyewe zinatupa jaribio. Kwa kuwa kila mtoto hurithi gamba moja na kujenga jipya lililo dogo, ili litoshe ndani yake, katika spishi nyingi wastani wa ukubwa hupungua kizazi kwa kizazi, kama walivyoeleza MacDonald na Pfitzer mwaka 1869. Ukubwa ukifikia kiwango fulani, seli huweza kuingia katika uzazi wa kijinsia, huyaacha magamba yote mawili, na zao lake huvimba likawa auksospora, mfuko laini usio na kijaluba chochote. Ndani ya mfuko huo seli hujenga magamba yake ya kwanza bila gamba la zamani la kuigia. Magamba hayo mara nyingi hufuata mbinuko wa auksospora, kwa hiyo umbo lake la nje hutofautiana na la kawaida, lakini mbavu na vitundu vimo.